Alama ya Kobe kwenye Miezi Iliyokufa

Mchoraji wa mabango aliitwa Kobe tangu ujana wake, na jina hilo hakulipewa kwa sura. Alilipata kwa mwendo wa mkono. Ukimwagiza leo ubao wa kuandikwa "Hapa Tunashona Nguo", ungefungua duka, ungepata wateja, ungewaudhi, ungepata wengine, ndipo Kobe angetokea kwenye kona na ubao wako begani, umefunikwa shuka kama bibi harusi. Hasira zote ulizomwekea ziliyeyuka shuka likishavuliwa. Herufi zake zilisimama wima, zimetulia, kama watu waliolala vizuri wakaamkia habari njema. Ulijikuta unamshukuru, kisha ukifika nyumbani unajilaumu kwa kumshukuru.

Hata mke alimtafuta kwa mwendo huohuo. Alichagua, akasita, akachagua tena, mpaka wachumba wenyewe wakaolewa, wakazaa, wakawa wakwe za watu. Dada yake mkubwa, nesi mstaafu ambaye mtaa mzima bado ulimwita Sista, alipoulizwa habari za ndoa ya mdogo wake alijibu kwamba mambo yanakwenda vizuri, ndiyo kwanza anapaka rangi ya chini.

Kila bango alilolimaliza, Kobe alilitia alama yake pembeni, chini, upande wa kulia: nusu duara ya mgongo, vijiti viwili vya miguu, na nukta ya kichwa inayochungulia mbele. Kobe mzima kwa mipigo michache ya brashi, na mdogo kiasi kwamba watu walisoma herufi wakapita, hata ndugu zake hawakuwahi kumtazama. Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa akisema kwamba bango lisilo na alama ya mkono ni mtoto wa kuokotwa. Mwanafunzi wake alilishika neno hilo kuliko alivyolishika jingine lolote, na miaka ilipopita hakuwa tena akiiweka alama ile kwa kukusudia. Mkono uliiweka wenyewe, kama mtu anavyovuta mlango nyuma yake akitoka.

Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na hizo zilikuwa na sifa moja ambayo Kobe hakuweza kushindana nayo: zilimaliza kazi siku ileile. Bango moja baada ya jingine likateremshwa. Duka la dawa likang'ara kwa picha ya mzungu anayecheka na vidonge. Fundi viatu naye akapata kiatu kikubwa kuliko kibanda chake. Ubao wa mwisho wa Kobe uliobaki mjini ulikuwa wa kinyozi wa njia panda, na huo nao, mvua zilipokwisha, kinyozi aliung'oa akaufanya mlango wa banda la kuku. Hakuwa na nia mbaya. Ila aliugeuza maandishi yakatazama ndani, na tangu hapo wasomaji wa kazi za Kobe wakawa kuku.

Kobe alipita hapo siku moja, akachungulia kwenye ufa, akaiona alama yake chini kulia, imechafuka kidogo. Akamwuliza kinyozi kuku wanaendeleaje. Kinyozi akasema wanataga. Kobe akasema vizuri, akaenda zake.

Ndipo mpwa wake, binti wa Sista, alipomwita.

Mpwa huyu alikuwa ameacha kazi yake kwenye ofisi ya bima ili atengeneze mchezo wa kompyuta. Sista alipopewa habari hizo aliketi, akajipima mapigo ya moyo, kisha akamwachia bintiye chumba cha uani kilichokuwa cha kuwekea vitu vilivyovunjika, akisema angalau kitabaki na kazi yake ya zamani. Humo mpwa aliweka meza, kompyuta, na mwenzake wa kazi, mtaalamu wa lugha aliyeitwa Kamusi tangu shuleni kwa sababu ya kuwasahihisha watu wakati bado wanaongea.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Wakati ni wa mbali sana mbele, watu wameshazoea kwenda angani kama wanavyokwenda sokoni. Mchezaji ni mama mchimbua magofu, mwenye chombo kikuukuu kinachosukumwa na upepo wa nyota, na taa ya mkononi inayoongea zaidi ya inavyomulika. Anazunguka kwenye miezi iliyokufa akiwatafuta watu waliokuwa wakiishi huko, ajue walikwenda wapi. Watu wale hawakuacha picha wala mifupa. Waliacha maandishi, kwenye kuta, kwenye vizingiti, kwenye midomo ya visima, kwa lugha ambayo hakuna aliye hai anayeijua. Mchezaji analinganisha ishara na ishara, anakisia maana, na chombo kinaelekea kule makisio yake yanakokipeleka. Na hapa ndipo mpwa alipoweka ujanja wake: mchezo haukuambii kwamba umekosea. Unalichukua neno lako kama ulivyolitamka na kusafiri nalo. Kosa utalijua mwenyewe, mbele ya safari. Sista alisema huo si ujanja mpya, ndoa imekuwa hivyo siku zote.

Lugha hiyo ya wafu aliibuni Kamusi, ishara kwa ishara, na alijivunia kama aliyeizaa. Lakini maandishi ya kompyuta yalionekana maandishi ya kompyuta. Mpwa alitaka mkono wa mtu, mkono uliotetemeka kidogo, uliochoka mwisho wa mstari. Akamkumbuka mjomba wake.

Kobe aliletewa vipande vya mbao na mabamba ya saruji. Alitoa makopo yake yote ya zamani, yale yenye masalio ya mlango huu na dirisha lile, akachanganya kijivu cha mwamba na kahawia ya kutu mpaka ubao ukaonekana umenyeshewa na mvua za karne. Kisha akanakili ishara za Kamusi kutoka kwenye karatasi, moja moja, kwa brashi nyembamba. Mpwa alivipiga picha vibao dirishani na kuviingiza kwenye mchezo, na mbao za uani kwa Sista zikawa mahekalu kwenye miezi iliyokufa. Kobe alipoonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye skrini ukuta wake umesimama mrefu kama mlima, na yule mama mchimbua magofu amesimama chini yake mdogo kama sisimizi, alitazama kwa muda mrefu. Halafu akauliza kama wanaweza kusogea kidogo, upande wa kulia, chini.

Ilikuwepo. Alikuwa ameiweka kwenye kila ubao, wala hakukumbuka kuiweka. Moyo wake ulijaa, akaomba aonyeshwe ukuta mwingine.

Mpwa naye alikuwa ameiona alama ile, akadhani ni mojawapo ya ishara za Kamusi. Kamusi alikuwa ameiona, akadhani mpwa ameiongeza bila kumwambia, na roho ilimuuma. Lakini Kamusi alikuwa mtu ambaye angeona afadhali ajue jambo peke yake kuliko kuuliza. Badala ya kuuliza, akaanza kuichunguza. Mpwa naye hakuuliza, kwa kuwa kumwuliza Kamusi swali moja kulimaanisha kusikiliza majibu mpaka chai ipoe. Basi alama ikabaki pale, kila mmoja akiamini ina mwenyewe, na kila mmoja akimheshimu huyo mwenyewe kwa kimya.

Mambo yalianza kuharibika majirani walipoitwa waujaribu mchezo.

Mgeni alikuwa anatarajiwa mwisho wa wiki, mwanamama wa kampuni ya kusambaza michezo, mtu aliyesifika kwa kuinuka katikati ya mchezo na kuomba koti lake. Akiupenda, mchezo utatoka. Asipoupenda, mpwa atarudi bima, ambako bosi wake wa zamani alikuwa bado anamtumia salamu kwamba kiti chake hakijakaliwa. Salamu hizo zilikuwa za upendo, nazo zilimnyima mpwa hamu ya kula. Akaona ni heri apate kwanza watu wa kawaida, wakae, wacheze, aone wanakwama wapi.

Walikwama kote.

Sista alikuwa wa kwanza. Alivaa miwani, akaukunja mkono wa gauni kama anayeenda kufunga kidonda, akatua kwenye mwezi wa kwanza. Aliangalia ukuta, akaiona alama ile chini ya maandishi, kulia. Akaiona tena kwenye kizingiti, na tena kwenye kisima. Kwa mtu aliyeishi maisha yake miongoni mwa chupa za hospitali, kitu kilichoandikwa chini ya kila kitu kwa herufi ndogo kina maana moja tu. Akaipa maana: usiguse. Mchezo ukamchukulia neno lake. Tangu hapo mama mchimbua magofu hakugusa chochote. Alipita katikati ya hazina za kale mikono nyuma kama mkaguzi, na alipotaka kurudi kwenye chombo akakuta hawezi, maana alama ilikuwepo mpaka kwenye jiwe la kukanyagia. Taa ilimsihi. Sista aliiambia taa kwamba utaratibu ni utaratibu.

Akaja jirani seremala, akaisoma "mlango", kwa kuwa ilikuwa na umbo la tao. Alishinda akiupiga kichwa ukuta mmoja baada ya mwingine. Akaja mwalimu mstaafu wa historia, na huyu ndiye aliyempa Kobe raha kuliko wote, maana aliitazama alama kwa dakika nzima, akavua miwani, akasema ni mfalme. Nani mwingine angejiandika kila mahali? Kobe, aliyekuwa ameketi nyuma kwenye ndoo iliyopinduliwa akisema amekuja tu kupumzika, aliukunja mguu mmoja juu ya mwingine. Mwalimu akasonga mbele, akajenga ukoo, akajenga vita, akampa mfalme wake mabinti. Kobe alimsindikiza kwa macho, kichwa kimemvimba kama maandazi. Ndipo mwalimu akafika kwenye mwezi wa nne, mahali palipokuwa vyoo vya watu wa kale, na alama ikawa pale pia, chini, kulia.

"Mfalme gani huyu," mwalimu aliuliza, "asiyekosekana hata chooni?"

Akainuka, akasema lugha hii haina heshima, akaenda kula. Kobe alikasirika kidogo kwa niaba ya mfalme.

Angeweza kusema wakati ule. Alijua, maana mtu haisahau alama yake, na aliona wazi kwamba ndiyo inayowavurugia watu njia. Kila sentensi ilikuwa na mkia usio wake, na chombo kiliufuata mkia. Lakini kila alipofungua mdomo alikiona kile kibanda cha kuku. Kwenye mji mzima hapakuwa na mahali pengine palipobaki na mkono wake. Hapa, kwenye miezi isiyokuwepo, alikuwa kila mahali, mkubwa, akisomwa na watu waliovua miwani. Alijiambia kwamba pengine wa kesho ataelewa. Hiyo ndiyo hila ya mtu wa taratibu: hakatai kamwe, anaahirisha.

Kesho yake ugomvi ukazuka. Mpwa alikuwa amekaa mbele ya skrini, macho mekundu, akitazama chombo kikizunguka mahali pamoja kama nzi. Akamwambia Kamusi, kwa sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele, kwamba lugha yake haisomeki. Kamusi akajibu kwamba lugha yake ilikuwa safi kama maji mpaka watu fulani walipoitia ishara zao. Mpwa akauliza ishara zipi. Kamusi akasema anajua mwenyewe. Mpwa akasema hajui. Kamusi akaanza kuzikusanya karatasi zake na kuzitia kwenye mkoba, polepole, kwa namna ya mtu anayetaka kuzuiwa, na mpwa, aliyechoka, hakumzuia. Sista alisimama mlangoni na trei ya chai bila kujua aipeleke wapi.

"Acha nirudi bima," mpwa alisema, bila kumwambia mtu yeyote. "Basi."

Kobe aliinuka kwenye ndoo yake. Magoti yalilia. Alimwangalia mpwa wake, ambaye alipokuwa mtoto alikaa chini ya ngazi yake akimshikia kopo, akageuka akamwangalia Kamusi aliyekuwa amefika kwenye kifungo cha mwisho cha mkoba.

"Si ya Kamusi," akasema. "Wala si yako. Ni yangu."

"Nini yako, Mjomba?"

"Hiyo iliyo chini kulia. Ni mimi. Ni sahihi yangu, naiweka kwenye kila kazi. Haina maana yoyote. Maana yake ni kwamba nimemaliza."

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Sista.

"Kwa hiyo mimi nimeganda kwenye ule mwezi," alisema, "mikono nyuma, sigusi hata jiwe, kwa ajili yako wewe?"

Mpwa alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, kisha kicheko kikakatika ghafla, kwa sababu aliuona uso wa mjomba wake. Kamusi yeye hakucheka kabisa. Alikuwa ameandika kurasa nyingi kuhusu ishara ile, akithibitisha kwamba ilikuwa ya kale kuliko nyingine zote, na kwamba wafu waliitamka kwa kushusha pumzi. Aliufungua mkoba, akazitoa kurasa, akaziweka mezani uso chini. Baadaye alikiri kwa Sista kwamba alikuwa ameshaanza kuiheshimu.

Mpwa akasema si tatizo kubwa, sasa kwa kuwa linajulikana. Alama inafutika kwenye picha, kwa kompyuta, haitachukua hata nusu siku. Akachukua picha moja kumwonyesha mjomba. Akakipeleka kipanya chini kulia, akakibonyeza, na kobe akatoweka. Hakukwaruzwa wala hakupakwa. Alikuwepo, kisha hakuwepo, na mwamba ulikuwa mzima kama ambao haujawahi kuwa na mtu.

Kobe alimwomba amrudishe.

Mpwa akamrudisha.

"Nitaitoa mwenyewe," Kobe akasema. "Aliyeiweka ndiye atakayeiondoa. Kwa rangi. Halafu mtapiga picha upya."

Sista akamkumbusha, kwa mapenzi, kwamba mgeni anakuja mwisho wa wiki hii, si wa karne hii. Kobe akifanya kazi kwa mwendo wake, mwanamama yule atamkuta kwenye ubao wa tatu, na mgeni mwenyewe ameshastaafu. Kobe alikunja mikono ya shati na kuomba vibao vitolewe uani, kwenye mwanga.

Waliomwona siku zile wanasema hawakuamini. Kobe alikimbia. Si kwa miguu; kwa mkono. Seremala aliacha kazi yake akaja kutazama juu ya ukuta, akawaita wengine, na watu walisimama pale kama kwenye msiba wa mtu ambaye hawana hakika kama amekufa. Ubao uliegemezwa, brashi ikashuka, mgongo ukafunikwa, miguu ikafunikwa, kichwa mwisho. Kichwa alikiacha mwisho kila mara. Ubao mwingine. Hakuongea wala hakunywa chai yake. Mara mojamoja mkono wake, ukiwa umemaliza kufuta, ulianza kwa mazoea kuchora tena nusu duara ya kuonyesha kwamba kazi imekwisha, na ilimbidi aukamate kwa mkono wa pili. Hilo lilimpata mara nyingi kuliko alivyopenda watu waone. Sista, aliyekuwa amejitayarisha kwa maneno ya kumtania wiki nzima, alikaa kwenye kizingiti akichambua mchele, na maneno hayakumtoka.

Tatizo lilikuwa rangi. Yale makopo ya masalio yalikuwa yamekwisha, na kile kijivu cha kwanza, kilichotokana na milango ya watu ambao wengine wamehama na wengine wamezikwa, hakikupatikana tena. Kobe alichanganya kingine. Kilikaribiana. Ukisimama mbali hukuona kitu. Ukisogea, pale chini kulia palikuwa na kiraka kilichopauka kidogo, laini kuliko mwamba, mfano wa mahali picha ilipotolewa ukutani. Mpwa alikiona akauliza. Kobe akasema mwanga utakificha. Kama kweli alishindwa kukipata kile kijivu, mtu aliyechanganya rangi maisha yake yote, ni jambo ambalo dada yake alilifikiria sana, na kwa mara moja katika maisha yake akaamua kutouliza.

Picha zikapigwa. Mgeni akafika mchana, na koti lake mkononi.

Alikuwa mwanamama mfupi, mwenye sauti kavu na macho yasiyopepesa. Alisalimia, akakataa soda, akaketi. Watu wa nyumba walikuwa wamepewa masharti. Sista asitoe ushauri wa kitabibu wala mwingine wowote. Kamusi asisahihishe. Kobe akae kwenye ndoo yake na asiseme neno, na hilo mpwa alimwambia huku amemshika mkono, ili lisimuume.

Mgeni alitua kwenye mwezi wa kwanza. Alisoma ukuta, akakisia, akakosea kidogo, akasogea. Alisoma kizingiti, akalirudia neno lake, akalirekebisha. Chombo kiliondoka kikaenda mahali kilipopaswa kwenda. Kamusi aliuma ndimi zote alizokuwa nazo. Mwezi wa pili ukapita, taa ikitaniana na mchimbua magofu, na mgeni akatoa sauti ndogo puani ambayo kwa mtu mwingine ingeitwa kicheko. Mpwa alianza kupumua.

Kwenye mwezi wa tatu mgeni akasimama. Alisogeza picha karibu. Akaisogeza tena, mpaka ukuta ukajaa skrini nzima, kisha akaivuta chini. Upande wa kulia.

Akaondoka pale bila kusoma chochote, akarudisha chombo kwenye mwezi wa pili, akaenda moja kwa moja kwenye kisima, chini, kulia. Akarudi mpaka wa kwanza. Mpwa alikuwa amepauka kuliko kiraka. Koti lilikuwa kwenye mgongo wa kiti, na macho ya watu wote yalikuwa kwenye koti.

"Kuna mtu amefutwa hapa," mgeni alisema.

Akakizungushia kipanya kile kiraka.

"Hapa, na kule kisimani, na kwenye ule ukuta. Maandishi yote yameachwa, hili moja limefunikwa. Na aliyelifunika hakuwa na chuki, la sivyo angelipiga nyundo. Huyu amelifunika taratibu." Alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. "Kwenye kila jiwe palikuwa na mtu mmoja, halafu wakamwondoa. Alikuwa nani? Aliwakosea nini?"

Kamusi alifungua mdomo, maana kurasa zake bado zilikuwepo. Mpwa alimkanyaga. Na Kobe, ambaye maishani mwake mteja hakuwahi kumwuliza alama ile ni ya nani, aliinuka kwenye ndoo. Alilinyoosha shati lake. Akaanza kuinua mkono.

Mgeni akainua mkono bila kugeuka.

"Msiniambie," akasema. "Mchezo nimeuchukua, tutaongea baadaye. Sasa niacheni nimtafute mwenyewe."

Mpwa aliushika mkono wa mama yake chini ya meza, akaubana mpaka Sista akahesabu vidole vyake kimoyomoyo. Kamusi alitazama dari. Kobe alibaki amesimama nusu, neno limejaa mdomoni, mkono umeinuliwa kama mtoto anayejua jibu na mwalimu hamtazami.

"Kaa chini, marehemu," Sista alimnong'oneza. "Unatafutwa."

Akakaa. Kwenye skrini mama mchimbua magofu alipandisha tanga, akaelekeza chombo kwenye mwezi wa mbali kabisa, ule ambao mpwa na Kamusi walikuwa bado hawajaweka kitu zaidi ya vumbi. Mpwa aliuona mwelekeo huo. Akaliona na vumbi. Akamwinamia mjomba wake sikioni na kumwambia kwamba huyu mtu aliyefutwa atahitaji nyumba, yenye kuta na vyombo vyake, na ikiwezekana iwe imesimama kabla mgeni hajamaliza safari.

Kobe aliifikiria nyumba hiyo. Aliuliza kwa mnong'ono kama itakuwa na mlango. Mpwa akasema ndiyo, Mjomba, lazima iwe na mlango. Basi, Kobe akasema, amwambie mgeni asiende mbio, maana yeye huanza na mlango, na mlango ukitaka uwe mzuri una mambo mengi.